Somo la Nne: Kipimo, Dawa na Haki za Mtumiaji – VVU kwa Wanawake na Wasichana wa Maeneo ya Migodi

Buhemba, wilayani Butiama, inajulikana kwa dhahabu. Imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na mgodi mkubwa ulipofungwa katika miaka ya 2000 wachimbaji wadogo waliendelea na kazi. Mahali kama hapo huwa na fedha inayopatikana kwa siku moja na kuisha kwa siku mbili. Wapo wanaume waliotoka mbali na familia zao, wapo mama lishe wanaowapikia, wapo wanawake wanaoponda mawe na kuosha mchanga, na wapo wasichana waliofuata dada au shangazi ili wasaidie biashara. Wote hao ni watumiaji wa bidhaa za afya, hata kama hawajiiti hivyo. Wanapokea vidonge kutoka kliniki, wananunua kondomu dukani, wanakabidhiwa vifaa vya kujipima, na mara nyingine wanauziwa chupa zisizo na lebo kwa ahadi ya uponyaji.

Elimu nyingi ya VVU inayomfikia msichana huishia kwenye neno moja: jikinge. Neno hilo ni jema, lakini lina upungufu. Halimwambii mstari hafifu kwenye kipimo una maana gani, wala nini cha kufanya vidonge vya mwezi huu vinapokuja na rangi tofauti na vya mwezi uliopita, wala kama mume ana haki ya kumlazimisha mkewe apime. Somo hili linashughulikia mambo hayo.

Kwa nini wanawake na wasichana

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, upande wa pili wa ziwa hili hili. Miaka arobaini baadaye, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Kwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 3.0, na kwa wanawake asilimia 5.6. Tofauti hiyo huanza mapema. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2016–2017, ulikuta asilimia 2.1 ya wasichana wa miaka 15 hadi 24 wana maambukizi, ilhali kwa wavulana wa rika hilo ilikuwa asilimia 0.6.

Sehemu ya sababu iko katika maumbile, kwa kuwa katika tendo la ndoa mwili wa mwanamke, na hasa wa msichana ambaye hajakomaa, hupokea virusi kwa urahisi zaidi. Sehemu nyingine iko katika maisha. Msichana wa miaka 17 hapati maambukizi aghalabu kwa mvulana wa miaka 17; huyapata kwa mtu mzima aliyemzidi umri na uwezo, ambaye kumwomba avae kondomu ni jambo linaloweza kugharimu kodi ya chumba au mtaji wa chapati. Anayemhubiria msichana huyo kuhusu tabia bila kuitazama kodi ya chumba hajamsaidia sana.

Utafiti huo wa 2022–2023 ulikuwa na habari njema pia. Katika kila watu 100 wanaoishi na VVU, takriban 83 walikwisha kuijua hali yao, na karibu wote walioijua walikuwa wakitumia dawa. Maana yake ni kwamba anayejua hali yake huingia katika matibabu. Pengo kubwa lililosalia ni la wasiojua. Kwa sababu hiyo, kipimo ndicho mlango wa mambo mengine yote, na yafaa kukifahamu vizuri.

Kipimo cha kujipima: kinachosema na kisichosema

Marekebisho ya sheria yaliyofanyika mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Aina iliyoenea zaidi hutumia ute wa fizi, na watu wengi hukiita kipimo cha mate. Jina hilo limezua hofu isiyo na msingi, kwamba kama mate yanapimwa basi mate huambukiza. Sivyo. Kipimo hakitafuti virusi. Hutafuta askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi, na askari hao hupatikana katika ute wa fizi. VVU haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kunywa kikombe kimoja.

Kabla ya kufungua pakiti, tazama tarehe ya kuisha matumizi na uhakikishe mfuko wa ndani haujatoboka. Kipimo kinatakiwa kutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 30. Kilichokaa siku nyingi ndani ya kibanda cha turubai au chini ya bati jua likiwaka hakiaminiki, hata kama tarehe yake haijapita. Usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla ya kupima, na kama umepiga mswaki kwa dawa ya meno, subiri nusu saa. Usifungue mfuko mapema “ili uwe tayari”. Ufungue unapoanza kazi. Pitisha ncha bapa ya kipimo mara moja juu ya fizi za juu na mara moja juu ya fizi za chini, usiguse ulimi wala kulamba, kisha itumbukize katika kichupa chenye maji yake. Maji hayo si ya kunywa, na kipakiti kidogo cha kukausha unyevu si cha kula; tunalisema hilo kwa sababu pakiti huachwa mezani na watoto wapo.

Halafu subiri. Kwa aina hii jibu husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40 kupita. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Mtu akisoma baada ya dakika tano huona mstari mmoja na kufurahi kabla ya wakati. Mwingine hukiacha mpaka asubuhi, akaona alama ambayo haikuwepo usiku, akalia bure. Kipimo kinachotumia tone la damu kina muda wake tofauti. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti ndiyo mwamuzi, na kama imeandikwa kwa lugha usiyoielewa, una haki ya kuomba uelezwe kabla ya kuondoka nacho.

Mstari mmoja ulio kwenye herufi C unaonesha kuwa kipimo kimefanya kazi na hakikukuta dalili ya maambukizi. Mistari miwili, C na T, hata kama ule wa T ni hafifu kama uzi uliofifia, ni ishara ya kwenda kituoni kupimwa tena. Mstari hafifu hausomwi kuwa “maambukizi kidogo”, na mistari miwili haijawa hukumu ya mwisho. Jibu la kujipima peke yake halimpi mtu hali ya kuishi na VVU, kwa kuwa kituo huthibitisha kwa vipimo zaidi ya kimoja kabla ya kumwambia mtu lolote. Pasipokuwa na mstari kwenye C, kipimo kimeharibika, hata kama T unaonekana, tafuta kingine.

Yapo mambo mawili ambayo kipimo hiki hakiwezi kuyasema. Kwanza, hakioni maambukizi ya juzi. Mwili huhitaji muda kutengeneza askari hao, na kwa ushauri wa jumla aliyekuwa katika hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita anapaswa kurudia kupima muda huo ukitimia. Tuchukue mfano wa mama lishe ambaye mwenzi wake amerejea kutoka mgodi mwingine baada ya nusu mwaka. Wanapima pamoja jioni ile, kila mmoja anaona mstari mmoja, wanatupa kondomu. Kipimo hakikuwadanganya, wao ndio waliokiuliza swali ambalo hakikuwa na uwezo wa kulijibu.

Pili, hakimfai mtu ambaye tayari anatumia dawa za kufubaza virusi. Dawa zinapofanya kazi vizuri, kipimo cha ute wa fizi kinaweza kuonesha mstari mmoja. Wapo wanaodhani wamepona, wakaacha dawa, na baada ya muda virusi vikarudi kwa wingi. Anayetumia dawa hufuatiliwa kwa kupimwa wingi wa virusi katika damu, na kipimo hicho hufanyika kupitia kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC.

Nani aamue kupima

Sheria Na. 28 ya mwaka 2008, inayohusu kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI, imeweka kupima kuwa hiari. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, kama amri ya mahakama, hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwingine kupima: si mume, si mwajiri, si mwenye duara, si kiongozi wa dini kabla ya kufungisha ndoa. Majibu nayo ni siri ya aliyepimwa. Mhudumu wa afya anayeyatangaza amevunja sheria, na hali kadhalika anayemnyima mtu kazi au huduma kwa sababu ya hali yake.

Marekebisho ya 2019 yalishusha pia umri wa kuridhia kupimwa kutoka miaka 18 hadi 15. Binti wa miaka 15 anaweza kwenda mwenyewe kituoni bila kuhitaji mzazi wa kumwekea saini. Baadhi ya wazazi hawakulipenda badiliko hilo, na hoja yao ya malezi inaeleweka. Hata hivyo, binti anayehitaji kipimo zaidi ya wengine mara nyingi ndiye asiyeweza kumweleza mzazi sababu. Kwa umri huo tunashauri apimwe kituoni badala ya kujipima chumbani, ili asibaki peke yake na mistari miwili usiku kucha.

Kifaa cha kujipima kina hatari nyingine. Wajawazito wanaohudhuria kliniki hupewa wakati mwingine vifaa vya kupelekea waume zao, na kwa wengi jambo hilo husaidia, kwa kuwa mchimbaji hapotezi siku ya kazi. Lakini kifaa kilekile kinaweza kugeuzwa silaha, mume akamsimamia mkewe na kumwamuru apime mbele yake. Mama anayejua kwamba nyumbani kwake kuna vipigo ana haki ya kukikataa kifaa hicho kliniki, bila kutoa maelezo marefu. Mhudumu mwema atamwelewa.

Dawa iliyo halisi

Dawa za kufubaza virusi, zinazojulikana kwa kifupi ARV, hutolewa bila malipo nchini tangu mwaka 2004. Mkononi mwako hufika kupitia kituo chenye huduma ya CTC. Kwa hiyo anayekuuzia ARV, awe dukani au chini ya mti, ama anauza zilizoibwa kwa wagonjwa wengine, ama anauza kitu kingine kabisa.

Hata hivyo, kupokea dawa hospitalini hakumwondolei mtumiaji wajibu wa kuitazama. Mwaka 2012, katika ukaguzi wa kawaida, wakaguzi wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, walikuta ARV bandia katika Hospitali ya Wilaya ya Tarime, papa hapa mkoani Mara. Matumizi ya toleo lile yalisitishwa nchini. Tukio hilo hatulikumbushi ili kutia hofu. Mfumo wa ukaguzi ndio uliolibaini. Lakini wakaguzi hawapo kila siku katika kila zahanati, ilhali mgonjwa hukishika kidonge chake kila jioni.

Basi zoea kukikagua. Tazama kama kizibo kilikuwa kimefungwa sawasawa, kama jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha matumizi vinasomeka, na kama kidonge kina rangi, umbo na alama ileile. Kukiwa na tofauti, uliza kabla ya kuondoka dirishani. Mara nyingi sababu ni njema: kiwanda kimebadilika, au mwongozo wa tiba umebadilika. Ni kazi ya anayekupa dawa kukuambia hivyo, naye hapaswi kuchukia swali. Usiache dawa kwa kushuku. Rudi kituoni siku hiyo hiyo au kesho yake, na kopo mkononi.

Kuna desturi moja inayotuumiza kichwa. Kwa kuogopa macho ya majirani, wanawake wengi hubandua lebo au huhamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini au mfuko wa plastiki. Kopo lenyewe hulia kama njuga ukitembea nalo, na kila mtu anajua mlio huo ni wa nini. Sababu yao tunaielewa. Lakini kidonge kilichotolewa kwenye kopo lake hupata unyevu, na kikiwa na kasoro hakuna njia ya kujua kilitoka toleo gani. Ukilazimika kuficha, ficha kopo zima: jaza pamba kidogo juu ya vidonge lisilie, ulitie kwenye mkoba wa kitambaa. Kama ni lazima lebo iondoke, andika kwanza namba ya toleo na tarehe mahali unapopajua wewe.

Mama mjamzito azingatie jambo moja zaidi. Dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi sasa ina kiambato kiitwacho dolutegravir, ambacho hupungukiwa nguvu kikikutana tumboni na vidonge vya kuongeza damu au vya kalisi pasipo chakula. Ama ameze vyote pamoja na chakula, ama ameze ARV saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Dawa za kutuliza kiungulia zina tabia kama hiyo, na huuzwa kila duka. Kabla ya kuzitumia, mwulize mtoa dawa muda wa kuzitenganisha. Anayetibiwa kifua kikuu, ugonjwa usio mgeni kwa wanaovuta vumbi la mawe, lazima amwambie daktari wa pande zote mbili, maana kipimo cha dawa hubadilishwa.

Anayemeza dawa sawasawa mpaka virusi vikafubaa kiasi cha kutoonekana katika kipimo haambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana, na mama wa namna hiyo ana nafasi kubwa mno ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi.

Saa 72, na ahadi za vikombe

Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu akiwa na mtu asiyemjua hali yake, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi endapo ataanza ndani ya saa 72. Mapema ndiyo bora zaidi, na hutumiwa kwa siku 28. Kwa aliyebakwa, taratibu za polisi zina umuhimu wake na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwa ajili hiyo, lakini saa hazisubiri fomu. Aende kituo cha afya kwanza. Pia zipo dawa za kumeza kabla ya hatari, kwa mtu asiye na maambukizi ambaye maisha yake yanamweka karibu nayo. Ziulizie kituoni; hazianzwi bila kupima kwanza, na kidonge cha kuazima kwa rafiki si kinga.

Tiba za ahadi hazijaisha. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemekana kuponya UKIMWI na magonjwa mengine, na watumishi wa afya walikuwa na kazi ya kuwaasa wagonjwa wasiache dawa zao. Leo kikombe kimegeuka chupa, unga au matone yanayotangazwa kwenye simu. Mpaka sasa hakuna dawa iliyosajiliwa nchini inayoponya VVU. Anayekutaka uache ARV kwanza ili yake ifanye kazi amekwisha kujitambulisha.

Namna ya kutoa taarifa

Ukishuku kipimo, kondomu au dawa, usiitupe. Iweke kando pamoja na pakiti yake, uandike jina la bidhaa, namba ya toleo, mahali ulipoipata na siku yenyewe. Taarifa hupokelewa kituoni ulikopewa, kwa mfamasia wa wilaya, au katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iliyoko Mwanza. Kama dawa imekuletea madhara, kama vipele, macho ya njano au usingizi uliovurugika, hayo pia ni taarifa, hata kama bidhaa yenyewe ni halali. Hulazimiki kueleza kwamba dawa ni yako. Waweza kusema umeleta kopo likaguliwe.